Upande wa Kuume wa Gari la Tata Mukalay

Shule sikuiona. Kazi ya magari nilifundishwa na mume wangu Omer katika garaji yake hapa Kolwezi, kwenye barabara ya Musonoi, na kwa miaka kumi na mitano freni zote za nyuma, yaani breki, zilipita mikononi mwangu. Omer alipokufa, matanga hayajaisha, ndugu yake Kabemba alibadilisha kufuli. Alisema mwanamke hafungui gari kama anavyofunua sufuria. Nikaenda kuuza makala, makaa ya kupikia, ng'ambo ya barabara, nikiitazama garaji kama mtu anayeona nguo yake imevaliwa na mwingine.

Mwezi wa sita Kabemba alinijia mwenyewe. Diske ya nyuma ya kushoto, lile sahani la chuma linalobanwa na freni, ya gari la Tata Mukalay, anayebeba watu kwenda Fungurume, ilikataa kutoka tangu asubuhi. Alikuwa ameipiga nyundo mpaka mikono ikamuuma.

"Mama Annie, kuya utusaidie kidogo."

"Kusaidia nani? Mi niko muuzaji wa makala."

"Ukitosha ile diske, ikatoka, kesho unarudia kazi yako. Mbele ya Mungu."

Niliitaka kazi ile kuliko chakula. Nikavuka.

Etriye, lile koleo linalobana plaketi za freni kwenye diske, Kabemba alikuwa amekwisha kuifungua, hilo aliliweza. Lakini freni ya mkono aliiacha imevutwa! Niliweka mawe kwenye magurudumu ya mbele, nikaishusha. Kisha nikaingiza bisibisi katika tundu dogo la diske, nikazungusha kigurudumu cha meno kinacholegeza viatu vya freni ya mkono. Diske ikatoka bila kelele. Ndani, vumbi jekundu la migodi lilikuwa limegandisha kila kitu. Nikasugua, nikapaka grisi kidogo pale viatu vinapoegemea bamba, nikafuta kwa petroli diske mpya, moja kati ya mbili zilizoletwa, nikafunga, nikakaza kile kigurudumu mpaka diske ikaanza kusugua, nikarudisha meno mawili.

Tata Mukalay akafika. Alizungusha gurudumu, likaenda laini. Akavuta freni ya mkono, likashika, akaishusha tena.

"Hii njo kazi! Nani alifanya?"

"Ni mi, tata," Kabemba akasema. "Huyu mama analeta tu maji."

"Basi maji yake iko na grisi mingi. Angalia mikono!"

Kabemba akacheka, kisha akaninong'oneza: "Nyamaza. Kesho utaingia."

Nikaelewa nitaingia kama nani.

"Tata Mukalay," nikasema, "upande wa kushoto ni mi nilifanya. Wa kuume bado. Kabemba anasema anajua. Afanye, tuone."

Kabemba akafungua etriye ya kuume, akachutama na bisibisi. Alizungusha, akazungusha, akavuta, diske haikusogea. Alikuwa akizungusha kinyume, akikaza viatu badala ya kuvilegeza.

"Acha mama amalize," Tata Mukalay akasema.

"Nimalize kama mufanyakazi, ao kama muleta maji?"

Kabemba aliendelea kuvuta diske. Nikaondoka.

Upande wa kuume ulifanywa katika garaji nyingine. Kazi sikurudishiwa, na samahani mpaka leo sijaisikia.