Kilo Kumi na Moja za Nyaya

Saa nne usiku mume wangu alikuwa hajarudi, na kila nilipompigia, yule mwanamke mpole wa kwenye simu aliniambia kuwa mteja hapatikani. Nilipiga mara kumi na saba. Yeye hakuchoka kunijibu, mimi sikuchoka kumuuliza, tukawa kama mawifi.

Mume wangu alikuwa ameondoka kulipopambazuka kwenda uwanja wa mashindano ya magari, mwendo wa saa mbili kutoka kwetu, peke yake, ndani ya gari ambalo zamani lilikuwa la familia. Aliniahidi atarudi saa kumi na moja jioni, jua likiwaka. Wala haikuwa ahadi ya mapenzi. Gari lenyewe halikuwa na taa.

Naomba nieleze, msije mkadhani nimeolewa na mwendawazimu. Nimeolewa na fundi umeme wa magari.

Kwa miaka ishirini na minane amewafungia watu taa, redio, honi za sauti tatu na ving'ora vinavyolia paka akipita. Kuna magari hapa mtaani yanawaka kama maduka ya vito kwa sababu ya mikono yake. Mtoto wetu wa mwisho alipopata kazi na kuhama, nilidhani sasa baba yake atapumzika. Wanaume wengine wakifika miaka hamsini na mitatu hununua kofia. Wangu aliamua kushindana mbio.

“Tatizo gari ni zito,” aliniambia. “Limebeba nyaya za bure, nyingi kama nini.”

“Mbona na wewe mzito?” nilimuuliza nikitazama tumbo lake, ambalo siku hizi humtangulia mlangoni.

“Mimi ni dereva. Dereva hahesabiwi.”

Basi kwa miezi minne gari lilikaa uani, nyuma ya kiduka changu cha unga, likiwa limetolewa zulia, dashibodi na heshima. Nyaya zilimwagika nje kama matumbo. Mume wangu hakati waya katikati hata siku moja. Hiyo ni kazi ya wahuni, anasema. Anaushika mwanzo, anaufuata mpaka mwisho, na akiufikisha anauhoji.

“Wewe, unamlisha nani?”

Kisha anajijibu kwa sauti nyembamba: “Mimi wa kupandisha vioo, bwana mkubwa.”

“Toka!”

Waya wenye kazi hufungwa uzi mwekundu na kubaki. Usiofungwa huondoka. Baada ya kila nyaya nne tano kuondoka, niliitwa kutoka dukani nikakae kwenye usukani, mikono ikiwa na unga.

“Kanyaga breki!”

“Nimekanyaga.”

“Hujakanyaga.”

“Nimekanyaga mpaka mguu umetokea upande wa pili.”

Sauti ikaja kutoka nyuma ya gari: “Aa, kumbe nimeng'oa wa breki. Subiri.”

Maneno kama hayo mke hayasahau.

Nyundo, fundi bodi mwenye karakana ng'ambo ya barabara, alikuwa akija kila jioni kutoa pole. “Shemeji,” aliniambia, “gari lenu lina minyoo. Linakonda kila siku.” Mume wangu alipong'oa kiti cha abiria, Nyundo akaapa hatakaa juu ya bati kumsindikiza mtu kwenye kifo chake. Ndiyo maana mume wangu alikwenda peke yake.

Siku aliyokaribia kumaliza alizikusanya nyaya zote alizong'oa kwenye gunia, akaja kuzipima kwenye mizani yangu, wateja wakiwa wamesimama.

“Mama watoto, ona! Kilo kumi na moja na robo!”

“Hongera. Mwanao wa kwanza alizaliwa na kilo tatu, na hukuruka hivyo.”

Taa za nyuma zilikuwa zimeshakwenda; garini zilibaki nyaya za taa kubwa tu, bila uzi. Mimi mambo ya umeme siyajui, niliishia darasa la saba, lakini macho ninayo.

“Hizi mbona huzifungi?”

“Mashindano ni mchana.”

“Na usiku?”

“Usiku nitakuwa nimelala ubavuni kwako.” Alijiona amenena jambo la maana sana.

“Baba watoto, ziache hizi tu. Nakuomba.”

“Ukijumlisha na taa zenyewe ni kilo sita. Sita!” Akang'oa, akaziba mashimo kwa bati. Gari likabaki kama mtu aliyefumba macho asione anakopelekwa.

Aliondoa pia tundu la kuchajia simu. Na betri ya simu yake ni sawa na nia yake ya kula kidogo: haifiki adhuhuri. Kwa hiyo saa nne ile usiku sikuwa na habari yoyote, na kila habari niliyoibuni mwenyewe ilikuwa na damu ndani yake.

Saa tano na nusu simu ikaita. Namba ngeni. Nikajua ni hospitali. Niliitazama ikiita mara nne kabla vidole havijakubali.

“Mama watoto, ni mimi.”

Nilikaa juu ya gunia la unga. “Umeumia?”

“Nimekuwa wa tisa!”

“Kati ya wangapi?”

“Kumi,” alisema kwa sauti ya chini. “Ila wote vijana.”

“Uko wapi wewe?”

“Kituo cha mafuta, nusu ya njia. Kuna mtu alimwaga oili uwanjani, wakakaa kuosha saa tatu nzima. Giza limenikuta barabarani, na tangu hapo nahangaika hapa kutafuta simu yenye salio.”

“Gari limeharibika?”

“Gari? Jepesi, hujapata kuona! Linaruka kama panzi.”

“Basi lala hapo hapo mpaka asubuhi.”

“Sikiliza, kuna lori linaondoka sasa hivi kuja huko. Nikiligandia nyuma, taa zake zinanitosha kabisa.”

“Baba watoto, usithubutu! Na atakayekuja nyuma yako atakuonaje?”

“Simu ya watu hii, mama watoto.” Ikakatika.

Nilipiga tena. Akapokea kijana wa kuuza mafuta. “Mzee kashatoka, mama. Kalikimbilia lori.”

Kinyozi hajinyoi, wanasema. Lakini kinyozi asiyejinyoa huota ndevu tu, hafi. Niliwaza gari lile jeusi kwenye barabara nyeusi, na basi la usiku linalokuja nyuma yake kwa kasi, dereva akiwa hana habari kuwa mbele kuna mtu aliyeokoa kilo sita. Nilihesabu: akifuata lori, saa saba atakuwa nyumbani. Saa saba ikafika. Ikafika saa nane. Kila gari lililopita barabara kuu lilipita juu ya kifua changu. Nilishika simu niwaambie watoto, nikaiweka. Niwaambie nini? Kwamba baba yenu fundi wa taa anatembea gizani? Saa tisa nikaacha kutunga matusi. Saa kumi nikaanza kuomba, na nilikuwa naomba yale matusi yapate mtu wa kuyapokea.

Saa moja na robo asubuhi, kukiwa kumekucha, nilisikia mlio kama debe la misumari linaloburutwa. Ukaja mpaka nje ya duka, ukazima.

Mlango wa gari haukufunguka.

Nilitoka bila viatu. Alikuwa amekaa wima, mikono yote miwili kwenye usukani, anatazama mbele kana kwamba mashindano hayajaisha. Mahali pa kioo alikuwa amekaza plastiki kwa skrubu, ili nacho kiwe chepesi, kwa hiyo sauti yake ilinifikia kama ya mtu aliye ndani ya chungu.

“Ulifuata lori?”

“Nililifuata.”

“Halafu?”

“Kilomita tatu hivi. Likakata kona kuingia machimbo ya mawe, likaondoka na taa zake. Nikabaki. Sikuiona hata mikono yangu, mama watoto. Halafu nikasikia basi nyuma.”

Nilishika bati la gari. Lilikuwa bado la moto.

“Nikaingia majanini nikazima. Basi likapita, gari lote likayumba. Jepesi mno. Nikakaa humo mpaka kukakucha. Niliogopa.”

Miaka ishirini na minane nimeogopa mimi kwa niaba ya nyumba nzima. Yeye neno hilo nilikuwa sijawahi kumsikia nalo. Maneno yote niliyoyaandaa tangu saa saba, na mengine yalikuwa mazuri kabisa, yakanitoka kichwani, likabaki moja tu.

“Na tumbo nalo lilienea majanini?”

Mabega yake yakaanza kutikisika. Sikujua kama anacheka au analia, na plastiki ile ilikuwa na mikwaruzo.

“Shuka,” nilimwambia. “Maji yako ya kuoga yatapoa.”

Kitasa kikalia. Mlango, mwepesi kama wa kabati la jikoni, ukafunguka.