Vimbea Vinane vya Mama Lebo

Jumatatu jioni, saa ya kutoka kazini, mlinzi wa lango alimwambia Mama Lebo afungue mkoba. Kwa miaka kumi na saba mama huyu alikuwa anapita pale akimuuliza mlinzi habari za goti lake bovu, na hakuwahi kuambiwa afungue hata mwavuli.

"Nimeagizwa, Mama," mlinzi alisema huku anaangalia viatu vyake. "Kila ukitoka."

"Umeagizwa na nani?"

"Huko juu."

Alifungua. Mlinzi akapekua: kitana, miwani, sweta, bakuli tupu la chakula cha mchana. Idara nzima ilikuwa inatoka saa ile ile, na kila aliyepita alipunguza mwendo kidogo, si unawajua watu. Wengine walijifanya wanatafuta funguo mifukoni. Mama Lebo alihisi uso unamwaka. Alipofika nyumbani mumewe, fundi cherehani, alimuuliza kulikoni, akajibiwa na kishindo cha mlango wa jikoni.

Lazima niseme huyu mama ni nani, maana waliompekulisha hawakujishughulisha kujua. Aliingia idara ile ya utabiri wa hali ya hewa kama mfagizi. Kazi yake ilikuwa kupiga deki chumba cha mashine, kompyuta mia na ishirini zilizopangwa kwenye makabati marefu, zikinguruma kutwa kucha, na baridi ya kukufanya uvae sweta mwezi wa joto. Nyuma ya makabati nyaya zilikuwa zimesukana kama nywele za mtu aliyeamka sasa hivi. Mhandisi akitaka kujua waya unaenda wapi, aliuvuta, akasubiri kusikia nani analalamika. Mfagizi aliona ujinga huo miezi sita, akashindwa kuvumilia. Akanunua utepe mweupe na kalamu, akaanza kuandika. Kila waya lebo mbili, moja kila ncha. Ndivyo alivyopata jina. Baadaye akasoma, akafanya mitihani akiwa na mimba ya mtoto wa tatu, akafaulu, akapewa chumba chote akisimamie. Ufunguo alikuwa anautundika shingoni.

Sasa sikiliza kuhusu vimbea, maana kesi yote ni yao. Kila mashine mle ndani ina kidhibiti, kikompyuta kidogo kilichojibanza tumboni mwake, chenye waya wake na mtandao wake. Mashine ikizimwa, chenyewe hakilali, mradi umeme upo. Ukikiuliza ukiwa mbali, kinakwambia mashine ina joto kiasi gani, feni ipi inakaribia kufa, na ukikiamuru kinaiwasha. Hakina siri. Ndiyo maana Mama Lebo aliviita vimbea, akavipa nyaya za njano. Katika jengo zima hakuna kitu kingine kilichovaa njano, na kila waya aliuandika kwa mkono wake: Kimbea 1, Kimbea 2, mpaka 120.

Miezi minne nyuma idara ilipata mkuu mpya. Wafanyakazi walimbatiza Bwana Skrini, kwa sababu hakuamini jambo mpaka alione kwenye skrini, na akishaliona humwondoi. Jumatatu ile asubuhi alikuja mkaguzi wa mali, dada mmoja mpole asiye na papara, kuhakiki mashine. Bwana Skrini alimwekea programu ya kupekua mtandao. Inafanya kazi kama mwalimu anayeita mahudhurio: inabisha kila mlango na kuuliza nani yupo, na kila kidhibiti kinajibu kwa namba ya mashine yake. Wakaisubiri imalize. Vikajibu mia na kumi na viwili.

"Nane hazipo," Bwana Skrini alisema.

"Zipo," alisema Mama Lebo. "Twendeni tukaangalie. Ni ghorofa moja tu chini."

"Siku hizi hatuhesabu kwa macho, Mama. Mtu anaweza kutoa viungo vya ndani, akaacha kasha. Macho yako yataona nini?" Akanyoosha kiganja. "Naomba ufunguo."

Aliuvua shingoni polepole, na mkuu akadhani ni woga. Mama alikuwa anajizuia tu asimrushie usoni. Kesho yake asubuhi barua ilikuwa kwenye ubao wa matangazo: msimamizi wa chumba cha mashine anatuhumiwa kupoteza mashine nane, aje kujieleza Jumatano. Chini ya jina lake, kwenye mabano, mtu aliona ni muhimu kuandika: aliajiriwa awali kama mfagizi.

Usiku mumewe alijaribu utani. "Mashine nane, mke wangu. Ungezificha wapi, na kitanda chenyewe hakitoshi?" Mkewe hakucheka. Alimwambia kazi wakitaka waichukue, atauza hata mboga. Jina lake ndilo hawatalichukua.

Jumatano saa nne wakakaa kwenye ukumbi mpya wa mikutano, meza ndefu inayong'aa, viti vinane, na mbele ya kila kiti simu nyeusi ya mezani. Mkuu aliukarabati ukumbi ule mwezi uliopita, wiki ambayo Mama Lebo alikuwa likizo kumzika shangazi yake. Hakuwahi kukaribishwa humo mpaka siku hiyo ya kutuhumiwa.

Bwana Skrini akasoma orodha ya mashine zilizopotea. Arobaini na moja. Arobaini na mbili. Alikuwa anasoma taratibu, kama mtu anayesoma majina ya marehemu. Mama Lebo alikuwa anazijua. Arobaini na moja mpaka arobaini na nane ni za akiba, huwa zinazimwa mpaka msimu wa mvua kazi izidi. Hasira ilimfanya asitulie miguu. Akavua kiatu kimoja, akakunja vidole, akanyoosha mguu, na mguu ukanasa kwenye kitu.

Akainama kujinasua. Waya. Wa njano.

Akaufuata kwa mkono mpaka ulipopenya tundu la meza kwenda kwenye simu iliyokuwa mbele yake. Karibu na ncha palikuwa na utepe mweupe, na juu yake mwandiko wa mtu anayeandika herufi ya K kwa mkia mrefu. Kimbea 44. Akapiga magoti kabisa, huku mkuu anasoma, akahesabu. Zilikuwa nane.

"Mama, kuna tatizo?" aliuliza mkaguzi.

Mama Lebo akainuka. Hakupaza sauti, na wanaomjua wanasema hapo ndipo pa kuogopa. "Mkuu, huu waya umetoka wapi?"

"Ni waya wa simu."

"Sikuuliza ni wa nini. Nimeuliza umetoka wapi."

Bwana Skrini akaangalia lebo, kisha mkaguzi, kisha meza. "Fundi wa simu alipungukiwa. Nikamfungulia chumba kwa ufunguo wa akiba, nikamwambia achukue kwenye zile zilizozimwa. Mashine imezimwa, waya wa kazi gani?"

"Wewe mwenyewe uliingia?" mkaguzi akauliza.

"Niliishia mlangoni. Mle ndani kuna baridi."

Kwa hiyo ndivyo ilivyokuwa. Mtu ameviziba vimbea midomo kwa amri yake, kisha ameviita majina, na visipojibu anamwita mwenzake mwizi. Mama Lebo akavaa kiatu chake. Akazunguka meza akichomoa nyaya moja baada ya nyingine, akazitupia begani zote nane. "Ufunguo wangu," alisema. Akapewa.

Chini, alirudisha kila waya kwenye tundu lake bila kuuliza mtu. Mkaguzi, akiwa amejikunyata kwa baridi, akaiendesha tena programu. Mia na kumi na tatu. Mia na kumi na nne. Ilipofika mia na ishirini Mama Lebo akaviamuru vile vinane viwashe taa za kujitambulisha, na taa nane za buluu zikawaka kwenye kabati, mstari mmoja. Akazifungua mashine mbili mkaguzi azione matumbo. Hakuna kilichopungua.

Mkaguzi akaandika ripoti palepale, na jina la aliyeagiza nyaya zichomolewe akaliandika. Barua ikabanduliwa ubaoni. "Basi, yameisha," Bwana Skrini alisema. "Tuyaache, tufanye kazi."

Jioni Mama Lebo akateremka na wenzake. Pale langoni mlinzi akasogea, akakohoa.

"Mkoba, Mama."

Hakuna aliyekumbuka kumwambia. Mia na ishirini ilikuwa imeandikwa kwenye skrini na kwenye karatasi, lakini hapa langoni bado alikuwa mwizi. Hakumkasirikia mlinzi. Aligeuka, akapanda ngazi zote mpaka ghorofa ya nne, akafungua mlango wa mkuu bila kubisha.

"Shuka ukamwambie."

"Aa, la mlinzi? Nampigia simu sasa hivi." Mkono ulikuwa umeshafika kwenye simu.

"Mimi sikupekuliwa kwenye simu. Nilipekuliwa pale, watu wanapita."

Bwana Skrini akaona kwamba mama huyu angeweza kusimama hapo mlangoni mpaka kesho. Akavaa koti, wakashuka, yeye mbele, Mama Lebo nyuma. Langoni watu walikuwa bado wanatoka. Wakapunguza mwendo, kama Jumatatu.

Mkuu akamwinamia mlinzi, akamnong'oneza kitu sikioni. Mlinzi akaitikia kwa kichwa.

"Hawajasikia," Mama Lebo alisema. "Sema tena."