Ushungi wa Kwenda Dranya

Msusi wangu wa mtaa wa Mvara, hapa Arua, ni mama kutoka Kongo, na mikono yake haina huruma. Siku ile alinisuka mistari kumi na miwili, akakaza hadi nyusi zikapanda zenyewe, kisha akanipa masharti: nisijikune, mafuta nipake kwenye ngozi ya kichwa, nilale na kitambaa laini, na vumbi lisiziguse nywele kabisa. “Mutu akiuliza nani amesuka, sema ni mimi,” akasema. “Ikiharibika, sema ulijisuka.”

Nilikuwa na sababu ya kutii. Jumamosi nilikuwa naenda kijijini Dranya kwa mara ya kwanza, mama wa mchumba wangu anione. Mchumba mwenyewe angebaki kazini Arua Hill hadi mchana, kwa hiyo ningefika peke yangu, na kichwa changu ndicho kingenisemea.

Hadi Koboko ni lami, lakini baada ya hapo ni boda na vumbi jekundu. Nikamwomba jirani yangu, bibi Mwislamu, aniazime kitambaa. Akanifunga ushungi wake wa kung'aa kama anavyojifunga mwenyewe, kwa pini saba, hata shingo haikuonekana. Nilijitazama kwenye kioo nikaridhika.

Nilipanga kuufungua nikifika. Lakini mama mkwe alinipokea akanipeleka moja kwa moja jikoni, na jiko lenyewe ni la kuni, moshi hadi mlangoni. Moshi kwenye mistari mipya? Nikauacha ushungi palepale. Akaniuliza kwa upole kama nakula nguruwe. Nikasema hapana, maana nyama hiyo sijawahi kuipenda tangu utotoni. Akaitikia kwa kichwa taratibu, akatoka, nikasikia akinong'ona na baba mkwe. Muda si mrefu sufuria moja ikatolewa jikoni na mfuniko wake, ikapelekwa kwa jirani.

Saa saba ikapita bila chakula, na saa nane nayo. Mbuzi alikuwa amefungwa nje, mzima kabisa, akinitazama. Nilianza kuamini wamenikataa, na kwamba wanachelewesha chakula ili nielewe mwenyewe na kuondoka. Niliogopa kweli. Jasho lilinitiririka ndani ya ushungi, nami nikajikuna kwa siri kwa njiti ya kiberiti.

Saa tisa boda ikamleta mzee mwenye kofia nyeupe na kisu, kutoka Koboko mjini. Baba mkwe alimkimbilia kama amemwona daktari. Mama mkwe akanigeukia, uso umejaa furaha.

“Binti yangu, sasa utakula bila wasiwasi. Huyu anachinja vile nyinyi mnataka.”

Nikamwambia polepole kwamba mimi ni Mkristo kama wao.

“Na hii ya kichwa?”

“Ni ya kulinda nywele, mama.”

Nikainua ukingo, akachungulia. Akatazama nje, ambako mzee alikuwa ameshamlaza mbuzi. “Funga tena,” akasema. “Mzee wa watu ametoka Koboko. Hatuwezi kumwambia iko sababu ya nywele.”

Nikala na ushungi wangu. Mchumba alipofika alinitazama, akafungua kinywa, na mama yake akamwekea pande la nyama akamwambia ale. Mzee wa kofia aliniombea dua ndefu. Niliitikia amina kwa sauti kubwa kuliko wote.

Alipoondoka, nikatoa pini. Jasho lilikuwa limefanya yale yote ambayo vumbi lilizuiwa kufanya: mistari ya mbele imefumuka kama mswaki wa zamani. Nikaona aibu. Nikamwomba mama mkwe msamaha kwa kuwashindisha njaa.

“Kama ungekuwa Muslimu,” akasema, “tungengoja hivyo hivyo kila siku.”

Akanikalisha chini kati ya magoti yake, akachovya vidole kwenye mafuta ya shea, akaisuka upya mistari mitatu ya mbele. Mkono wake ulikuwa laini mno kwa kazi ile, na mistari ikatoka imepinda. Nikaiacha hivyo hivyo.

Jumatatu nilipita Mvara. Msusi akanishika kidevu, akaukagua utosi wangu hadi paji la uso, akataka kujua nani amegusa kazi yake.

Nikamwambia ni mama yangu.