Bisibisi na Kompyuta Iliyolala Ndani ya Nyingine

Asubuhi, mlango wa chuma wa duka umepandishwa nusu. Ndani, binti mmoja ameinamia laptopu aliyoiweka juu ya boksi la vipuri. Kwenye kioo chake, katikati ya fremu ndogo, kompyuta nyingine inawaka. Ina saa yake, ina mafaili yake, haimjali mtu.

Wateja humwita Bisibisi, maana hakosi moja nyuma ya sikio. Anatengeneza kompyuta katika duka la mjomba wake. Niseme mapema kuwa ni binti yangu wa kumzaa, nisije nikaambiwa nampamba. Naandika kwa sababu yaliyomkuta yanaweza kumkuta mtoto wa yeyote.

"Hiyo ya ndani inajua kama iko ndani?" nilimuuliza siku ya kwanza kuiona.

"Haijui, mama. Inajiona iko peke yake duniani."

"Na ya nje ikizimika?"

"Ya ndani inakatika hapohapo, na kazi yake yote inapotea."

"Maskini ya Mungu!"

Alicheka mpaka bisibisi ikamdondoka.

Programu inayofanya maajabu hayo, ya kuigiza kompyuta ndani ya kompyuta, ni huria. Inatengenezwa na watu wa nchi nyingi, na yeyote anaruhusiwa kusoma ilivyoandikwa na kuleta marekebisho. Kila mwaka watu hao huchukua vijana wachache wa mafunzo kwa vitendo, wakafanya kazi hukohuko makwao kwa posho. Ila huendi mikono mitupu. Lazima upendekeze mradi.

Bisibisi alikuwa nao. Mtaani kwetu umeme hukatika ovyo, na betri za wateja zimechoka. Alitaka kompyuta ya ndani ilazwe salama betri ya nje inapokaribia kuisha, halafu iamshwe palepale ilipoishia.

Basi akajifungia. Mtu akiingia chumbani, laptopu inafunikwa.

"Unaficha nini, mwanangu?"

"Bado haijaiva, mama. Wataniona sijui kitu."

 Mzazi ukiona laptopu inafunikwa unawaza mabaya yote. Kumbe alikuwa anaficha mazuri, na hilo nalo lina hatari yake.

Alimwandikia msimamizi wa mafunzo barua pepe ya faragha, kwa heshima zote. Akajibiwa kwa upole kwamba wao hawajadili kazi pembeni. Kila swali linaulizwa kwenye jukwaa lao la mtandaoni, ambako wote wanasoma. Yeye akaona kama amekaripiwa. Akazidi kunyamaza, akazidi kupiga msasa.

Wiki ambayo maombi yalikuwa yafungwe Ijumaa, ndipo alipotuma jukwaani kazi yake yote kwa mkupuo. Jibu likaja kutoka kwa mtu asiyemjua: kazi nzuri, lakini sehemu ya kulaza kuna mwenzetu aliianza hapahapa mbele ya wote, na imekaribia kukubaliwa. Ungeuliza mapema.

Siku hiyo dukani alimuuzia mteja chaja isiyoingia kwenye laptopu yake, mteja akairudisha.

"Wewe una kompyuta ndani ya kompyuta," mjomba akamtania, "mimi nina mteja ndani ya duka. Amka!"

"Niache, mjomba. Wameniwahi. Mwenzangu ameshailaza."

"Ameilaza. Kazi ya kuiamsha ameishika nani?"

Bisibisi aliivuta laptopu yake. Alikuwa ameliona tatizo tangu zamani: ya ndani ikiamshwa, saa yake hubaki pale ilipolala. Ya nje imeshafika Jumatano, yenyewe bado iko Jumatatu, na kila faili inaandikwa tarehe ya uongo.

Safari hii hakupiga msasa. Aliandika ukurasa mmoja wenye mapengo, akauliza jukwaani: hili la saa nani analifanya? 

Yuleyule aliyemuwahi ndiye aliyejibu kwanza: "Kuamsha sijagusa. Nilikuwa natafuta mtu. Karibu." Wengine wakamwonyesha makosa, wazi kabisa, bila kumcheka. Alhamisi jioni pendekezo lake likaingia.

Majibu bado. "Wakinichukua, nitaiamsha iwe na saa yake sahihi," anasema. "Wasiponichukua nitaifanya vilevile polepole, hapahapa kaunta. Sharti ni moja tu, nisijifiche tena."

Wazazi wenzangu, gongeni milango ya vyumba vya watoto wenu. Mwambieni mtoto aonyeshe kazi ikiwa ingali mbichi, kabla mwingine hajaimaliza hadharani huku yeye bado anaipiga pasi chumbani.

Mlango wa duka sasa umepandishwa wote. Mteja anaingia na laptopu yake kwapani, jicho linamtoka kwa kile anachokiona kwenye kioo.

"Dada Bisibisi, hicho nini tena?"

Mkono wa Bisibisi unakwenda kwenye kifuniko cha laptopu yake kwa mazoea. Unasimama. Anaigeuza laptopu imwelekee mteja.

"Bado haijaisha," anamwambia. "Sogea uone."