Fundi Aliyeikalia Ngoma ya Breki

Saa mbili asubuhi ukungu bado umeuziba mji wetu wa milimani, Matur, na Ermawilis amepiga goti kando ya gari akitukana. Hamtukani mtu, angalau kwa sasa. Anaitukana nati ya gurudumu la nyuma la kushoto.

"Aliyeikaza hii alikuwa amegombana na mkewe," anasema, na kuiegemea spana kwa uzito wake wote mpaka nati inaachia.

Anatia mawe kwenye magurudumu ya mbele, anapandisha jeki, anatoa gurudumu. Kisha anaigonga ngoma ya breki kwa nyundo, huku na huku, taratibu, mpaka inachomoka. Ndani anafuta kwa kitambaa kibichi, kwa sababu vumbi la breki halipulizwi na mtu anayeyapenda mapafu yake. Anakishika kiatu cha breki kwa vidole viwili na kumwonyesha mwandishi. Kimelowa chepechepe.

"Kazi ya hiki ni kuing'ang'ania ngoma mpaka gari lisimame. Sasa kimepakwa mafuta kama muhogo wa kukaanga. Kitang'ang'ania nini?"

Gari ni Kijang ya mwaka 1988, mali ya ukoo mzima. Leo linatakiwa kuteremka kona arobaini na nne hadi ziwa Maninjau kumchukua bwana harusi. Huku kwetu bwana harusi hajipeleki. Hufuatwa nyumbani kwa mama yake na watu wa bibi harusi, na wakichelewa, masimango yake hurithiwa na wajukuu.

Ndiyo maana Datuk Basa amekuja mwenyewe. Ndiye mkuu wa ukoo, mjomba wa bibi harusi, na kwa ukoo ni mjomba wa Ermawilis pia. Amevaa nguo nyeusi za heshima, kilemba kichwani, kisu cha jadi kiunoni.

"Wilis, funga gurudumu. Watu wameshavaa."

"Breki hakuna, Mjomba."

"Zipo. Gari hili lina tabia yake tu. Kanyaga mara mbili, ya tatu linashika. Miaka yote tunalipanda hivyohivyo."

"Hiyo siyo tabia. Ni ugonjwa."

Ugonjwa wenyewe hauhitaji mganga. Kila mwezi ukoo huongeza mafuta ya breki, na hakuna anayeuliza yanakwenda wapi. Yanavuja kwenye silinda ndogo ya gurudumu, ambayo mpira wake umekwisha, na kudondokea viatu. Kuna mtu aliviosha viatu hivyo kwa petroli, akavipiga msasa, akavirudisha, kana kwamba mafuta yaliyokwishanywewa hutoka kwa kusuguliwa. Skrubu ya kuvisogeza imeshikana kwa kutu, kwa hiyo viatu vimekaa mbali na ngoma. Ukikanyaga mara ya kwanza, unaziba pengo tu. Ya pili inavisogeza. Ya tatu inashika, ikiwa ngoma ni baridi. Katikati ya kona zile ngoma hupata moto, hutanuka, na pedali hugusa sakafu.

Linaloudhi zaidi ni kwamba ukoo umeigeuza kasoro hii kuwa ufundi. Kijana akiweza kulishusha gari hadi ziwani kwa kupampu, huitwa dereva na kupewa sigara. Mtu mzima na akili zake anajisifu kwamba gari lake halisimami.

Ermawilis, ambaye mji mzima unamwita Uni, dada mkubwa, hakuzaliwa na spana mkononi. Alikuwa akiwauzia wasafiri vitafunwa vya kukaanga pale Embun Pagi, kabla ya kona ya kwanza. Kisha kaka yake Syamsir akaja likizo ya Idi kutoka Pekanbaru, akaazimwa gari la ukoo lililokuwepo kabla ya hili, apeleke magunia ya mdalasini sokoni. Lile nalo lilikuwa na "tabia". Syamsir alikanyaga mara moja, kama anavyokanyaga mtu yeyote. Walimtoa bondeni siku ya pili.

"Msibani mtunza gari alilia mpaka akashikwa," anakumbuka. "Akawa anasema, nilisahau kumwambia, nilisahau kumwambia. Watu wakamhurumia. Mimi nikajiuliza, kwa nini lilikuwepo la kuambiwa?"

Arobaini ilipokwisha alikwenda kwenye gereji moja Bukittinggi akaomba kazi. "Fundi mkuu akaniambia nipike kahawa. Nikapika. Lakini kahawa haichukui siku nzima. Muda uliobaki nilimtazama mikono."

Leo anatoza rupia laki moja na nusu kwa magurudumu mawili ya nyuma, vipuri mbali. Majira ya mvua hapati hata magari mawili kwa wiki, na jioni bado anakaanga muhogo.

Barabarani wanawake wamekwishajipanga, nguo zimetariziwa kwa nyuzi za dhahabu, sinia la tambuu mbele. Datuk Basa anapandisha sauti ili wasikie.

"Nimesema funga! Mimi ni mjomba wako."

Huku kwetu mpwa hambishii mjomba wake mbele za watu. Ermawilis anaiokota ngoma ya breki, anaibwaga sakafuni, anaikalia. Halafu anaagiza chai ya majani ya kahawa.

"Mniondoe mimi kwanza."

"Loo, Uni!" mwanamke mmoja anamtania. "Bibi harusi amekuwa wewe? Tukutandikie na zulia?"

"Tandika. Na nani anaendesha?"

Anaendesha Hendrizal, kaka wa bibi harusi, aliyefika jana tu kutoka Jakarta. Anasogea na ufunguo mkononi.

"Hendri, umeambiwa nini kuhusu gari hili?"

"Niambiwe nini, Uni? Nimepewa ufunguo tu."

Ermawilis anamgeukia mzee.

"Mjomba. Hata Syamsir ulimpa ufunguo tu."

Mtunza gari aliyelia msibani alikuwa Datuk Basa. Kila mtu barabarani analijua hilo, na hakuna aliyewahi kulisema mbele yake. Mzee anauchukua ufunguo kutoka kwa Hendrizal na kuuweka juu ya benchi, katikati ya spana.

"Tafuteni gari jingine," anasema.

Lililopatikana ni pikapu ya kabichi. Walifika ziwani wamechelewa, wakapokelewa na shangazi wa bwana harusi aliyewauliza kwa sauti kama wamekuja kuoza au kuuza. Utani huo utaishi kuliko ndoa yenyewe. Lakini wote walirudi, na bwana harusi wao.

Wiki iliyofuata Ermawilis alifunga mipira mipya ya silinda, kulia na kushoto, na viatu vipya. Akalegeza skrubu zilizoshikana, akavisogeza viatu mpaka vikaikaribia ngoma, akatoa hewa kwenye mabomba. Hendrizal akakaa kwenye usukani, Datuk Basa kando yake, fundi na mwandishi nyuma. Kwenye kona ya kwanza Hendrizal alikanyaga mara moja. Gari likasimama.

Fundi hakuwa akimtazama dereva. Alikuwa akiutazama mguu wa mzee, ambao ulikanyaga sakafu tupu, ukaachia, ukakanyaga tena.

"Mjomba, mara moja inatosha."

"Najua," akajibu Datuk Basa. Mguu ukakanyaga.

Sasa Ermawilis anatafuta nafasi ya kibanda Embun Pagi, palepale alipokuwa akiuza vitafunwa. Anataka kila gari kuukuu lisimame kwake kabla ya kona, aikanyage breki yeye mwenyewe, bure. Pedali ikizama, anachukua ufunguo.

"Watakasirika, Uni."

"Wakasirike. Mtu akikasirika yupo hai. Syamsir hata hasira hana."

Na Datuk Basa, amemsamehe?

Anaendelea kufuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja.

"Bado. Alisahau kumwambia kaka yangu. Sasa na mguu wake usahau hiyo mara mbili. Siku utakaposahau, nitampikia nyama ya rendang, nimpelekee mwenyewe."