Yaliyosemwa Kwenye Kinu

Daktari aliniuliza, "Una mawazo, mama?" Nikamjibu sina. Presha imepanda, usingizi umepaa, kifua kimebana kama kitenge kilichofungwa na mtu mwenye hasira, nami naapa sina mawazo! Mume wangu alifariki wakati wa masika, na kila aliyekuja kunipa pole alinisifu kwa kujikaza. Basi nikazidi kujikaza. Nilipochoka nikapanda treni, nikaja zangu Kigoma, kwa mama huku Rusimbi.

Nimefika, ndugu yangu, harufu ya mawese ikanipokea kabla ya watu. Ila zamani harufu hiyo ilikuja na maneno. Siku hizi ni mashine tu, inanguruma mpaka hamwezi kusalimiana. Sisi tulitwanga. Chikichi zilichemshwa kwenye pipa, zikamwagwa kinuni zikiwa moto, na wanawake wakashika michi wawili wawili. Kazi yangu ilikuwa kuchochea kuni na kudokoa samaki, ile migebuka ya kukaanga, bibi akijifanya haoni.

Na walisema, jamani! Sheria ya bibi ilikuwa kwamba ukishika mchi unasema chochote, na hakuna atakayekuuliza baadaye. Msengenye mkweo, lia ukitaka. Jirani yetu alimchambua mumewe kila Jumamosi, kisha akaenda kumpikia huku anacheka.

Mwaka mmoja mama alijifungua, na mtoto hakumaliza wiki. Wanawake wakamwambia usilie, utaziba kizazi. Mama hakulia. Akaanza kukonda. Ugali haupiti, kifua kinamuuma, hospitali wamepima wee, hawaoni ugonjwa. Usiku nililala nimeshika kitenge chake, nikiogopa naye atatuacha.

Asubuhi moja bibi akamshika mkono, akampa mchi. "Twanga, mwana wanje, mwanangu." Mama akatwanga kimya. Jirani akatwanga naye, kimya vilevile, na kwake hayo yalikuwa maajabu. Ndipo bibi akauliza taratibu, "Mtoto ulimwita nani?"

Hakuna aliyewahi kumuuliza. Mama akalitaja jina, akalitaja tena kila mchi uliposhuka, mpaka akashindwa kulimaliza kwa kilio. Alilia hadi chikichi zikapoa, na bibi hakumnyamazisha. Mchana ule alikula ugali na mgebuka, akauliza kama mchuzi umebaki. Nilimpa wangu wote.

Bibi hayupo tena, jirani naye hayupo, na uani pamejaa madumu ya watu wanaosubiri mashine. Nilipomwamkia mama, hakuniuliza habari za dawa wala vipimo. Jioni, mashine ilipozimwa, akakiburuta kile kinu cha zamani kutoka nyuma ya jiko. Kikavu, kimepasuka ukingo.

"Mama, mbona hakina kitu?"

"Wewe shika mchi," akasema, naye akashika wake.

Tukatwanga hewa, mimi nikicheka kwa aibu. Kisha akauliza, "Mumeo alikuwa anakuitaje, mkiwa wawili tu?"

Tangu masika sijaitwa hivyo na mtu. Nikalisema lile jina, nikalia kwa sauti, na mama akaendelea kutwanga kinu kitupu ili majirani wadhani tuna kazi.