Mwisho wa Kitabu cha Madobi

Pale maktaba wote tulimwita Shangazi, hata mkuu wetu aliyemzidi umri. Alikuwa mfanya usafi. Alifika saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mtu wa kwanza baada ya mlinzi, akapiga deki kuanzia rafu za watoto mpaka mezani kwangu, na nilipoingia mimi saa mbili sakafu ilikuwa imeshakauka. Kwa miaka sita nilikanyaga sakafu kavu bila kujiuliza ilikaukaje. Naanza na hilo kwa sababu ndiyo aibu yangu ndogo kuliko zote.

Hakuwa mwajiriwa wetu. Yeye na wenzake watano waliletwa na kampuni ya usafi, sare ya buluu, jina la kampuni mgongoni. Kwa hiyo hawakuwa na kadi ya kuazima vitabu. Kadi ilitaka barua ya mwajiri au saini ya mdhamini, na kampuni haikuandika barua. Saini yangu ingetosha. Hakuniomba, nami halikunijia kichwani.

Mimi nilikuwa mtu wa redio. Kila Jumamosi saa nne asubuhi, robo saa nzima, nilikaa kwenye kituo cha mjini kwetu nikapendekeza vitu vitatu vya kumjenga mtu na kumfungua macho kuhusu haki: kitabu, kipindi cha kusikiliza, na filamu. Watu walinijua kwa sauti. Nikinunua nyanya, muuzaji ananiuliza kama mimi si yule wa vitabu, kichwa kinavimba. Ukweli ni kwamba Ijumaa baada ya chakula cha mchana nilipita kwenye rafu, nikachomoa kitabu chenye jalada la kueleweka, nikasoma maneno ya nyuma, nikaonja sura ya kwanza, basi. Filamu niliipa dakika kumi. Kesho yake nilizungumza kama mtu aliyekesha navyo. Sikujiona mwongo hata kidogo. Nilijiona mtu mwenye shughuli nyingi.

Shangazi alinisikiliza kila Jumamosi. Tangu kipindi kianze aliacha kuniita dada, akawa ananiita mwalimu. Vitabu nilivyovitaja alivisoma saa ya chakula, ndani ya stoo ya mifagio iliyopakana na vyoo, amekalia ndoo aliyoipindua. Wafanya usafi wote walikula mle, maana chumba cha chai kilikuwa cha wafanyakazi, yaani sisi. Hayo niliyajua baadaye. Wakati ule nilikuwa namwona tu akipita na kitabu alichokifunga kwa kitambaa safi, akikirudisha rafuni mahali pake barabara. Nilidhani anakifuta vumbi.

Kitabu kilichotuponza kilihusu madobi wa hospitali fulani, wanawake ishirini na watatu wanaofua mashuka ya wagonjwa kwa mikono mitupu, na dobi mkuu wao anayewaza kwenda kwa bosi kudai glavu. Yote hayo yalikuwa yameandikwa nyuma ya jalada. Redioni nilikisifu mpaka mtangazaji akanitolea macho. Nikaongeza kwamba mwisho wake ni wa peke yake, na asiyetokwa na machozi anifuate maktaba anieleze ana moyo wa namna gani.

Jumatatu ya wiki ya tatu Shangazi akanifuata. Alisimama mezani kwangu, akafungua kile kitambaa.

"Mwalimu, samahani," akasema. "Hiki kimeishia njiani."

Akanionyesha. Baada ya ukurasa wa mia na sitini ulikuja tena ule wa mia na ishirini na tisa, kurasa zilezile zikajirudia, halafu jalada. Waliokifunga kiwandani walishona fungu moja mara mbili na kulisahau la mwisho. Kitabu kilikuwa kimekaa kwetu miaka mitatu, na ile karatasi ya mihuri ya kuazimwa ilikuwa nyeupe pe. Hakuna aliyefika ukurasa ule kabla yake, hata mimi.

Wanafunzi wawili walikuwa wamesimama wakingoja mihuri, na mzee wetu wa magazeti alikuwa ameshusha gazeti lake apate kusikia vizuri. Ningesema tu, Shangazi, sijakisoma, mambo yangeisha pale. Ulimi ulikuwa mzito kwa maneno hayo mawili, ukawa mwepesi kwa mengine yote. Nikamwambia nakala niliyosoma mimi ni nyingine, ipo nyumbani. Alifurahi, akainama karibu yangu.

"Basi niambie. Dobi mkuu alikwenda kwa bosi, au hakwenda?"

"Alikwenda."

"Na wenzake?"

Wenzake sikuwa nimewafikiria. "Alikwenda peke yake," nikasema. "Aliona akiwangoja watamchelewesha. Akaingia, akasema yote, bosi akakosa la kujibu. Wiki ileile wakapata glavu."

"Peke yake," akarudia taratibu.

Akakifunga kitabu. Ngozi ya vidole vyake ilikuwa inabanduka kwa ile dawa ya vyoo, nyekundu kwenye kucha. Niliiona. Naapa niliiona, kisha nikamwita mwanafunzi wa kwanza asogee nimgongee muhuri.

Wiki mbili baadaye nilifika saa mbili nikakuta sakafu mbichi, nusura nianguke. Aliyeshika deki alikuwa msichana mgeni, sare imempwaya. Nikaenda kwa mlinzi, mtu ambaye habari haimpiti getini. Akanieleza kwamba Shangazi na wenzake walikuwa na shida mbili za siku nyingi: glavu, na mahali pa kulia chakula pasiponuka choo. Walikuwa wamekubaliana kungoja mwisho wa mwezi, msimamizi wa kampuni atakapokuja kukagua mbele ya mkuu wa maktaba, waseme wote sita kwa pamoja. Mara Shangazi akawaambia hakuna haja ya kungojana, mtu mmoja mwenye moyo anatosha. Akaenda ofisini kwa kampuni na karatasi ya madai mkononi. Msimamizi hakukosa la kujibu. Alimwambia avue sare aiache palepale mezani, na kazi ikaishia hapo. Chini ya sare alikuwa na gauni la kawaida, bahati nzuri.

"Wenzake walimkataza," mlinzi akasema. "Akawaambia amesoma mahali kwamba inawezekana."

Nilikwenda kujifungia chooni, maana sikuwa na pengine pa kuuweka uso wangu. Upande wa pili wa ukuta ndiko alikokuwa akilia chakula chake. Nikasikia ndoo ikiburutwa, mwenzake mmoja anakaa.

Tawi letu la pili lilikuwa na nakala nzima. Nikaiagiza, nikaisoma kwa siku mbili mpaka nukta ya mwisho, jambo ambalo kwa mtu wa redio kama mimi lilikuwa karibu jipya. Ukurasa wa mia na themanini na nane dobi mkuu amesimama mlangoni kwa bosi, mkono umeinuka kubisha hodi. Habishi. Anarudi chumba cha kufulia, anawaambia wenzake kwamba hakwendi mtu mpaka waende wote, na kurasa nne zilizobaki ni za kumngojea yule mwoga kuliko wote afunge kamba za viatu. Kama glavu walizipata, hatuambiwi. Kitabu kizima kiliandikwa kwa ajili ya kurasa hizo nne, na ndizo nilizomgeuzia Shangazi juu chini. Machozi yalinitoka, kama nilivyowaahidi wasikilizaji.

Nilimfuata kwake Ijumaa. Alikuwa na chumba kimoja, pazia likitenganisha kitanda na meza. Redio ndogo ilikuwa dirishani, betri zake zimeanikwa juani pembeni. Alinipa kiti, yeye akakaa kitandani akiendelea kukunja nguo. Aliniuliza habari za kazi kana kwamba alikuwa likizo tu. Nilikuwa nimepanga maneno mazuri njiani, yote yakanipotea.

"Shangazi, kile kitabu sikuwa nimekisoma," nikasema. "Ule mwisho niliutunga."

Alikuwa na blauzi mkononi. Akaikunja mpaka ikaisha, akaiweka juu ya nyingine.

"Uliutunga."

"Nilisoma nyuma ya jalada na sura ya kwanza."

"Mimi nilikisoma mara mbili," akasema. "Kilipokatika nilidhani nimeruka kurasa, nikaanza upya."

Ningependa anitukane. Mtu akikutukana unapata pa kujishikiza, unaweza hata kujibu. Yeye akachukua nguo nyingine kuikunja, nami nikaanza kubabaika kutafuta la kutengeneza. Nikamwambia kesho asubuhi na mapema nitakwenda kwa msimamizi, nimweleze kosa ni langu, amrudishe kazini.

"Peke yako?"

Ile nakala nzima ilikuwa mapajani mwangu, nimeipakata.

Akaniambia wenzake watano watakuja pale Jumapili saa kumi jioni. Wana woga, na mmoja hajakata shauri, lakini watakuja, na mwisho wa mwezi bado siku tisa. Nami nije, akasema, nikae nyuma na nisihutubie. Akanyoosha mkono nimpe kitabu. Alikifungua ukurasa wa mia na sitini na moja, akapitisha kidole kwenye mstari wa kwanza tu, akakifunga. Alikuwa anangoja niondoke asome kwa nafasi.

Nilipoinuka akaniambia nisubiri. Akavuta daftari la shule kutoka chini ya mto. Ndani, kwa mwandiko wa kujibana ili karatasi isiishe haraka, kulikuwa na kila kitabu nilichokitaja redioni kwa miaka miwili, tarehe ya Jumamosi yake pembeni, tisini na sita kwa jumla. Alivyovisoma alivitia alama. Vilikuwa arobaini na kimoja, vyote amevisomea juu ya ile ndoo. Mbele ya kitabu cha madobi aliandika: mwisho, kwa mujibu wa mwalimu, alikwenda peke yake.

Akanipa kalamu.

"Weka alama yako kando ya yangu," akasema. "Vile ulivyovisoma wewe. Mpaka mwisho."

Nilianza juu. Nilipita ukurasa wa kwanza wote bila kalamu kugusa karatasi. Katika wa pili nikaweka moja. Kuna kitabu nilikifikisha nusu, na kalamu ikasimama hapo kitambo kirefu. Nikahisi ananitazama, nikakipita. Nilipomaliza zilikuwa alama kumi, ya kumi ikiwa ya kitabu cha madobi, niliyokuwa na haki nayo tangu jana yake tu.

Shangazi alilipokea daftari akalisogeza kwenye mwanga wa dirisha. Hakucheka, wala hakutikisa kichwa. Alirudi nyuma kurasa mbili tatu akitafuta, mpaka akafika kwenye kitabu chenye alama yake na kisicho na yangu. Akakigonga kwa kile kidole chake kilichobanduka.

"Anza na hiki, dada," akasema. "Ni kizuri. Mwisho wake sikuambii."